Je, Wajua? Majina ya Rufiji na Kibiti

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Kibiti utapita Jaribu Mpakani. Sehemu ya pili ya jina hilo haihitaji mkalimani: hapo ndipo Mkuranga inapopakana na Kibiti. Shika barabara ya Mloka utafika Mkongo, jina la mti wa mbao ngumu ambao mafundi seremala huugombania. Huko Ikwiriri kuna Mgomba, na huo kila mtu anaujua.

Ndani ya delta ya Mto Rufiji, hata midomo ya mto ina majina yake: Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni, Msala. Vita vya Kwanza vya Dunia viliyaingiza kwenye taarifa za wanamaji wa Uingereza, waliokuwa wakiiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg. Julai 1915, manowari za Uingereza Severn na Mersey ziliingilia Kikunja, zikaimaliza.