Mtoto anayefungiwa nyumbani hunyimwa kinga

WEWE unayeishi katika nyumba za ghorofa mjini, hebu jiulize: Mtoto wako alipigwa na jua lini mara ya mwisho?

Katika nyumba nyingi, baba na mama huondoka alfajiri kwenda kazini. Yaya huachiwa onyo kali asimtoe mtoto nje, kwa kuhofia magari na watu wasiojulikana. Mtoto hushinda sakafuni mbele ya runinga. Siku ya Jumapili akitolewa, huwa amefunikwa blanketi gubigubi.

Mzazi hudhani anamlinda. Kumbe huenda anamnyima kinga.

Ngozi inapopigwa na miale fulani ya jua, mwili hujitengenezea vitamini D. Vitamini hiyo hupitia kwenye ini, kisha kwenye figo, ndipo iwe tayari kutumika. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kuusaidia utumbo kufyonza madini ya kalsiamu kutoka kwa chakula. Ikikosekana, mifupa hulainika na kupinda, na mtoto huota matege.

Lakini vitamini D ina kazi nyingine. Mwaka wa 2006, watafiti nchini Marekani walieleza jinsi chembechembe nyeupe za damu zinavyoitumia kutengeneza kemikali iitwayo kathelisidini, ambayo huua viini, vikiwemo vile vya kifua kikuu. Hiyo ni sehemu ya kinga ya asili ambayo kila mtoto huzaliwa nayo.

Mfano tunao karibu nasi. Mwaka wa 1997, madaktari mjini Addis Ababa, Ethiopia, walichapisha utafiti uliolinganisha watoto 500 waliougua nimonia na wengine 500 wasiokuwa nayo. Kati ya wagonjwa, 210 walikuwa pia na ugonjwa huo wa mifupa laini. Kati ya wale wengine, walikuwa 20 tu. Mbavu zikiwa laini, mtoto hushindwa kukohoa na kupumua vizuri, na mapafu huzidiwa.

Addis Ababa ni mji wenye jua, sawa na Nairobi. Kwa hivyo shida si uhaba wa jua, bali ni watoto kutofikiwa nalo.

Je, ukimweka karibu na dirisha lililofungwa? Haisaidii. Kioo hupitisha joto na mwanga lakini huzuia miale inayohitajika. Jua la saa moja asubuhi pia lina miale hiyo kidogo mno. Huanza kutosha mwendo wa saa tatu. Mtoe mtoto nje kwa dakika chache, mara kadhaa kwa wiki, mikono na miguu ikiwa wazi, kichwa kikiwa na kofia. Usimwache jua likamchoma. Mtoto mchanga asianikwe kwenye jua kali, naye mtoto mwenye ualbino asiachwe juani kamwe. Hao, muulize daktari njia nyingine ya kuwapa vitamini hii.

Maziwa ya mama ni chakula bora kupita vyote, lakini yana vitamini D kidogo. Mtoto akitimiza miezi sita na kuanza kula, mpe pia kiini cha yai, maini na samaki. Omena waliosagwa vizuri watampa kalsiamu pia.

Chunguza dalili hizi: utosi kuchelewa kuziba, meno kuchelewa kuota, vifundo vya mikono kuvimba, na mtoto kuchelewa kuketi au kutembea. Miguu kupinda kidogo kabla ya miaka miwili ni kawaida, lakini ikizidi kupinda, mpeleke kliniki.

Usikimbilie duka la dawa kununua matone au tembe bila ushauri. Vitamini D ikizidi, kalsiamu hujaa katika damu na kuharibu figo. Wala usidhani ni dawa ya kila ugonjwa. Mjini Kabul, Afghanistan, watoto wachanga wapatao 3,000 walihusishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012. Nusu yao walipewa kiasi kikubwa cha vitamini hii kila baada ya miezi mitatu, lakini nimonia haikupungua.

Kwa hivyo vitamini D ni msingi wa nyumba, si nyumba yenyewe. Chanjo ingali muhimu, ikiwemo ile ya kuzuia nimonia inayotolewa nchini tangu 2011. Mtoto akipumua kwa kasi au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, usingoje jua wala matone. Mkimbize hospitalini.

Leo jioni, zungumza na yaya. Mwelekeze mahali salama katika ploti, umwambie: kesho saa tatu, mtoto atoke nje. Jua halilipiwi kodi.