SARAFU MBILI, RANGI MBILI: Usimpe mtazamaji kazi ya kukodoa macho

Msomaji wangu, wiki hii tuweke kando mapenzi na mapishi, tuongee hela. Si hela ya mkopo wala ya upatu. Naongelea sarafu inayoingia kiganjani ikiwa nyeupe, ikatoka ikiwa nyekundu, na watu wakabaki midomo wazi.

Mazingaombwe ya mezani, yale ya kukaa na watu watano sita mkizunguka soda, hayataki sanduku wala sungura. Yanataka vidole na sarafu mbili. Tatizo ni kwamba wengi hufanyia mazoezi vidole miezi sita, halafu sarafu wanaokota tu mfukoni. Hapo ndipo wanapochemsha.

Mwaka jana, kwenye kipaimara cha binti wa jirani, mpwa wangu alitoa sarafu mbili, zote za njano, moja mpya na moja kuukuu. Mikono yake ilikuwa safi kabisa. Hata mimi niliyekaa ubavuni sikuona kitu. Akafungua kiganja kwa madaha. Kimya! Bibi mmoja akauliza kwa upole, "Sasa mjukuu wangu, hapo imebadilika nini?"

Kijana akanigeukia akiwa amenywea. "Mjomba, nimekosea wapi?" Nikamwambia, vidole vyako havina kosa, lawama ni ya sarafu. Mtu hushangaa pale tu anapokuwa na uhakika wa alichokiona mwanzo. Akiwa na shaka, hashangai, anauliza maswali.

UKUBWA MMOJA, RANGI MBALIMBALI

Wenzetu wa Marekani na Uingereza walilijua hili zamani. Jozi yao maarufu ni nusu dola ya Marekani na peni ya zamani ya Uingereza. Nusu dola ni nyeupe, kipenyo chake milimita 30.6. Peni ni ya shaba, inapishana nayo kwa unywele tu. Ukizifumba kiganjani, asiyezizoea hatambui ipi ni ipi. Ukifumbua, hata aliyekaa mwisho wa meza anaona.

Raha nyingine iko ukingoni. Nusu dola ina meno, peni ni laini. Basi mchezaji anajua kwa ncha ya kidole ameshika ipi, bila kutupia jicho. Watazamaji wanategemea rangi, yeye anategemea ukingo.

Peni hiyo iliondolewa kwenye matumizi mwaka 1971, Waingereza walipobadili hesabu ya fedha zao, na mpya iliyoingia ni ndogo mno. Dukani hainunui hata pipi, lakini watu wa mazingaombwe bado wanaitafuta. Dai Vernon, Mkanada aliyezaliwa 1894 na kufariki 1992, alijipatia sifa kubwa kwa mchezo wake wa Spellbound, ambao sarafu moja inabadilika rangi kwenye ncha za vidole. Ondoa tofauti ya rangi, mchezo wote umekufa.

Nyumbani je? Mia yetu ya njano na mia tano nyeupe iliyotoka 2014 zinatofautiana rangi vizuri, ila mia tano ni kubwa, inajitangaza yenyewe. Za Kenya za shilingi 5, 10 na 20 zina rangi mbili ndani ya sarafu moja. Ni nzuri kwa kutazama, lakini kwa kazi hii zinachanganya macho.

Ukinisikiliza mimi, mbembeleze babu akufungulie kopo lake la vitu vya kale. Humo huenda ikalala senti kumi ya Afrika Mashariki ya enzi za ukoloni, ile ya shaba yenye tundu katikati, pana karibu milimita 30. Ukiipata, itafutie mwenzake mweupe anayelingana nayo. Nusu dola ya Marekani inakaribia sana. Tundu lenyewe ni alama ya ziada, hata mwenye macho hafifu atalitambua.

JARIBU KABLA YA KUJITIA AIBU

Kwanza, ziweke mezani usiku chini ya taa ya njano, urudi nyuma hatua tatu. Shaba ya njano na sarafu nyeupe huanza kufanana hapo, ila shaba iliyoiva ikawa kahawia haidanganyi. Pili, zipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Zikifanana, tafuta nyingine. Wapo watu wasiotofautisha baadhi ya rangi, hao hutegemea zaidi wepesi na uzito wa rangi. Tatu, tandika kitambaa cha rangi moja. Khanga ya maua mazito itameza shaba yako yote.

Na usipake sarafu rangi, wala usiipitishie tupa. Fedha ya nchi haichezewi hivyo. Vilevile usiisugue peni mpaka ing'ae kama bangili, maana baada ya siku chache itapauka kwa mabaka.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Mazingaombwe ya hela kwetu yana hatari yake. Ukigeuza sarafu mbele ya meza ya mama ntilie, jioni mauzo yake yakipungua, ni nani atakayeitwa chuma ulete? Ni wewe! Usiguse hela ya mtu anayetafuta riziki. Tumia sarafu zako, tena za kigeni au za kale, ambazo kila mtu anaona hazinunui chapati. Mpe azishike kabla na baada. Hapo kila mtu anajua huu ni mchezo, na hakuna atakayelala na wasiwasi.

Wale wa karata tatu stendi wanataka usione vizuri, maana wanakula jasho lako. Mtu wa mazingaombwe anataka uone kila kitu, ucheke, urudi nyumbani na nauli yako mfukoni.

Siri ya vidole sitoboi, nisije nikaharibu kazi za watu. Mpwa wangu sasa ana nusu dola na peni yake. Yule bibi ameahidi kuja Pasaka, na safari hii kasema anakaa kiti cha mbele.