Kukokota Karavani Uingereza: Uzito, Mwendo na Hewa ya Ndani

Karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu isiyo na injini ambayo hukokotwa na gari, huiwezesha familia kulala mahali pamoja na kujipikia katika safari za kiangazi, na kwa hiyo inawafaa sana Waswahili waishio Uingereza, ambao likizo yao ni nadra kuwa ya watu wawili tu. Sheria ya kuikokota ililegezwa tarehe 16 Desemba 2021: kabla ya hapo, aliyefaulu mtihani wa gari dogo kuanzia mwaka 1997 alihitaji mtihani wa pili ili akokote trela nzito, ilhali sasa leseni hiyohiyo inamruhusu kukokota hadi kilo 3,500. Nafuu hiyo imemwachia dereva mwenyewe jukumu la kujifundisha, na somo la kwanza ni uzito.

Kila karavani huwa na bamba linaloonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani uzito wake pamoja na vyote vilivyopakiwa, na tofauti kati ya uzito huo na ule wa karavani tupu ndiyo mzigo wote ambao familia inaweza kubeba. Tofauti hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwani madumu mawili ya maji ya lita 20 tayari ni kilo 40, kabla ya kuongezwa mchele, unga, sufuria za pilau na mtungi wa gesi. Vitu vizito hupangwa sakafuni karibu na ekseli, makabati ya juu yakaachiwa nguo na mashuka, na uzito unaokandamiza kiungo cha gari uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa karavani iliyopakiwa. Kwa karavani ya kilo 1,400, hizo ni kilo 70 hadi 98. Anayeanza hushauriwa pia kwamba karavani yake isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linaloikokota.

Mzigo ukirundikwa nyuma, karavani huanza kuyumba kama mkia wa nyoka, hasa lori kubwa linapopita kando, na kosa linalogharimu maisha hapo ni kukanyaga breki kwa nguvu au kupigana na usukani. Linalotakiwa ni kuachia pedali ya mafuta taratibu na kuushika usukani ukiwa umenyooka mpaka mwendo upungue. Kisheria, anayekokota hapaswi kuzidi maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu za njia mbilimbili, wala maili 50 kwenye barabara za kawaida nje ya miji, na watoto hawaruhusiwi kamwe kupanda ndani ya karavani ikiwa safarini, hata wakiwa wamelala.

Hatari kubwa zaidi, ambayo jamii hii ya Waswahili inapaswa kuonya juu yake kwa sauti, huja baada ya kufika. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Nayo huendelea kutoka hata moto unapoonekana umezimika na jiko limebaki na majivu yenye joto. Jiko la nyama choma, basi, haliingizwi ndani ya karavani wala hema lake kwa sababu ya mvua au baridi ya usiku, na matundu ya hewa, hata yale ya sakafuni yaliyowekwa ili gesi ya kupikia inayovuja itoke, hayazibwi kwa zulia. King'ora cha kaboni monoksidi kinafaa kuwekwa na kujaribiwa kabla ya safari, kwa kuwa dalili za sumu hiyo, yaani kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito, hufanana mno na uchovu wa barabarani. Zikiwapata watu wawili au zaidi kwa pamoja, wote watoke nje mara moja na 999 ipigwe.