Mbweha Tumboni: Dini Tatu za Asia Ndani ya Naruto

Manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, zimepata wasomaji wengi miongoni mwa vijana wa Afrika Mashariki, na kati ya zinazojulikana sana ni Naruto ya Masashi Kishimoto, iliyoanza kutolewa mwaka 1999 katika jarida la Weekly Shonen Jump na kumalizika mwaka 2014, ikiwa na sura 700 katika vitabu 72. Wengi huifuata kwa ajili ya mapigano, wala hawakosei; lakini mapigano hayo yamesukwa kwa alama za Shinto, Ubudha na Utao, na mtunzi hakuzitumia zote kwa kina kilicho sawa.

Shinto ni dini ya asili ya Japani, inayoheshimu kami, yaani nguvu takatifu zinazokaa katika milima, miti, maji, wanyama na hata wahenga. Kwa msomaji wa Kirewa, katika wilaya ya Tororo nchini Uganda, wazo la kwamba utakatifu una mahali pake si geni, kwani katika imani ya jadi ya Wajopadhola, iliyochunguzwa na mwanahistoria Bethwell Ogot, Mungu aitwaye Were hutajwa kwa sura mbili: Were Madiodipo, wa uani, anayewalinda watu nyumbani, na Were Othim, wa nyikani, anayewalinda wakiwa safarini, mawindoni au vitani. Tofauti ipo, maana Were ni mmoja ilhali kami hawahesabiki, lakini anayejua kwamba ua na nyika vina ulinzi tofauti hatashangaa kusikia kwamba mlima au mti una kami wake.

Hata hivyo, Shinto ndiyo iliyochukuliwa kijuujuu zaidi. Katika Kojiki, kitabu cha mwaka 712 kinachosimulia chimbuko la miungu, Izanagi anarudi kutoka nchi ya wafu, anajitakasa kwa maji, na jicho lake la kushoto linamzaa Amaterasu, mungu wa jua, la kulia linamzaa Tsukuyomi, wa mwezi, na pua inamzaa Susanoo. Kishimoto anampa mhusika wake Itachi Uchiha mbinu tatu zenye majina hayohayo, zote zikitokana na macho, lakini Amaterasu ni moto mweusi unaotoka jicho la kulia, Tsukuyomi ni njozi ya mateso inayotoka la kushoto, na pua imesahauliwa kabisa. Majina yanapendeza, ila mbali na uhusiano wao na macho, miungu wenyewe hawamo.

Ubudha umeingia kwa uzito zaidi. Wabudha hufundisha kwamba kiumbe asiyejikwamua kutoka katika tamaa na ujinga huzaliwa tena na tena katika mojawapo ya njia sita: ya miungu, ya asura wapendao vita, ya wanadamu, ya wanyama, ya mizimu yenye njaa isiyoshiba, na ya jehanamu. Nagato, yatima wa vita, anaendesha maiti sita, kila moja ikibeba jina la njia mojawapo, kwa macho yaitwayo Rinnegan, yenye duara ndani ya duara, ambayo jina lake linataja mzunguko huohuo wa kuzaliwa upya. Hapa alama inafanya kazi ya hoja. Nagato anadai kwamba kisasi huzaa kisasi bila mwisho, na anapokibomoa kijiji cha Konoha anakuwa yeye mwenyewe gurudumu analolilaani. Naruto, shujaa wa hadithi na mwana wa kijiji hicho, anapofika mbele yake akiwa na sababu zote za kumuua, anaacha.

Utao, falsafa na dini ya Kichina, ndio uliobeba uti wa mgongo wa hadithi. Mizani ya yin na yang, yaani giza na nuru zinazohitajiana, imewekwa ndani ya mwili wa shujaa, kwa kuwa baba yake, Minato, aligawanya nguvu za mbweha wa ajabu mwenye mikia tisa, akaifungia nusu ya yang ndani ya mtoto na kubaki na nusu ya yin. Muhuri ulio tumboni mwa Naruto umepewa jina la maumbo manane ya mistari mitatu ya Yijing, kitabu cha kale cha Kichina cha mabadiliko. Maumbo hayo yakipangwa mawili mawili huzaa 64, na ndiyo maana mhusika mwingine, Neji Hyuga, humpiga adui kwa viganja vinavyohesabiwa viwili, vinne, vinane, 16, 32, hadi 64.

Mbweha mwenyewe, mnyama ambaye katika mahekalu ya Inari, mungu wa mpunga, ni mjumbe wake, haangamizwi. Anatajwa kwa jina lake, Kurama, na anakuwa rafiki. Mwishoni Naruto anapewa alama ya jua katika kiganja cha kulia, na Sasuke, rafiki aliyegeuka hasimu, alama ya mwezi katika cha kushoto. Baada ya adui wa mwisho kufungiwa, wawili hao wanapigana wenyewe kwa wenyewe, na kila mmoja anapoteza mkono uleule uliobeba alama yake, huku karibu watu wengine wote wakiwa bado wamenaswa katika ndoto ya kichawi inayoletwa na mwezi, wakingoja wao wawili wapatane ndipo waamshwe.