Elimu ya Afya ya Uzazi Shuleni: Je, Maarifa Yatosha?

Mtoto wa darasa la sita hapa Kikuyu, Dodoma, yumo katika umri wa kubalehe. Zamani, jando la Wagogo liliwaandaa wavulana kwa utu uzima, na waliofundisha walikuwa watu wazima waliokubalika na jamii kwa kazi hiyo. Siku hizi sehemu kubwa ya mafunzo hayo imeachiwa shule. Je, shule yaweza kuubeba mzigo huo peke yake?

Uzito wa swali hili waonekana katika takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Katika Mkoa wa Dodoma walikuwa asilimia 39. Mwaka 2022 kiwango cha taifa kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 22.

Majaribio ya kufundisha darasani hayakuanza jana. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, mpango ulioitwa Ngao uliwafundisha wanafunzi wa darasa la sita katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro juu ya UKIMWI. Baada ya mwaka mmoja, waliofundishwa walikuwa na maarifa zaidi kuliko wenzao, tena hawakuwa wepesi wa kuwatenga wagonjwa.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika mkoani Mwanza. Mpango wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulihusisha jamii 20; 10 kati yake zilipewa mafunzo ya darasa la tano hadi la saba, pamoja na huduma za zahanati zinazowajali vijana. Maarifa yaliongezeka. Lakini vipimo vya mwaka 2001-02, na tena vya 2007-08, havikuonyesha kwamba maambukizo ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa sababu ya mpango huo.

Matokeo hayo hayana maana kwamba elimu ni bure. Asiyejua hawezi kuchagua. Yatuonyesha, hata hivyo, kwamba kijana huchagua katika mazingira asiyoyatawala. Msichana anayekosa daftari au sabuni, akipewa fedha na mtu mzima, anajua hatari iliyopo, lakini uwezo wa kukataa ni mdogo. Somo la darasani halimgusi mwanamume yule.

Basi, hapana budi mafunzo yawafikie wazazi na wanaume watu wazima, si watoto pekee. Walimu wa kipaimara nao hukutana na vijana wa umri huu huu. Wakinyamaza, kijana atajifunza kwa wenzake, na hao hawajui zaidi yake.