Kutoa Funzo la Imani katika Kisa cha Biblia: Mfano wa Zakayo

Mwanachuo aendapo shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, mara nyingi hukiona kipindi cha dini kuwa chepesi kuliko vyote. Hesabu ina kanuni zake, na sayansi yahitaji zana. Bali kisa cha Biblia, hudhani, kila mtu anakijua. Basi hukisimulia kwa dakika 10, kisha huuliza, "Tunajifunza nini?" Watoto hujibu kwa sauti moja, "Tuwe watu wema." Jibu huandikwa ubaoni, na kipindi kimekwisha.

Jibu hilo si baya, ila halina kazi. Laweza kutolewa kwa kisa cha Yusufu, cha Ruthu, cha Danieli, na hata kwa hadithi ya Sungura na Fisi. Funzo linalofaa visa vyote halikutoka katika kisa chochote. Makala hii yakusudia kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kutoa katika kisa kimoja funzo ambalo mtoto ataweza kulitenda kesho yake asubuhi. Tumechagua kisa cha Zakayo, kilichomo katika Injili ya Luka 19:1-10, nacho chafaa Darasa la Nne au la Tano.

1. Mwalimu akijue kisa kwanza

Kabla ya kuandika andalio la somo, soma kisa chote mara tatu: mara ya kwanza ujue yaliyotokea, mara ya pili uone nani alisema nini, mara ya tatu utafute yale ambayo hukuyatazamia. Wengi wetu tulikijua kisa hiki kwa nyimbo za utotoni, na kilichobaki vichwani mwetu ni mtu mfupi na mti. Hayo yamo, lakini siyo kiini. Yafaa mwalimu ayafahamu mambo manne yafuatayo.

(a) Kazi ya Zakayo. Luka aeleza kwamba alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tena tajiri. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Warumi. Kazi ya kutoza ushuru wa bidhaa ilikabidhiwa watu waliokubali kulipa serikali kiasi fulani, nao wakajipatia faida katika kile walichotoza zaidi. Yeriko ulikuwa mji wa njia ya biashara kati ya bonde la Yordani na Yerusalemu. Kwa hiyo mwenye tamaa alipata mwanya, na wananchi walimwona mtoza ushuru kuwa mnyang'anyi na msaliti.

(b) Mti. Mkuyu aliopanda ni aina ile ile ya mkuyu uotao kandokando ya mito yetu. Matawi yake hutanda, na mengi huanzia chini, hata ni rahisi kupanda. Ikiwa upo karibu na shule, hiyo ndiyo zana yako bora kuliko picha yoyote. Waulize watoto wangesema nini wakimwona mtu mzima mwenye cheo anakimbia njiani, kisha anaparamia mti.

(c) Sheria ya kurudisha. Katika Walawi 6:1-5, mtu aliyedhulumu alitakiwa kurudisha mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Katika Kutoka 22:1, mwizi aliyechinja au kuuza kondoo wa mwenzake alilipa kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Hakuchagua hukumu ndogo. Alijihukumu kama mwizi wa kondoo.

(d) Mfuatano wa matukio. Yesu alimwita kwa jina na kutaka kukaa nyumbani mwake kabla Zakayo hajaahidi lolote. Hakupewa masharti kwanza. Watu walinung'unika kwa sababu hiyo hasa. Mwalimu akiugeuza mfuatano huu, akasema kwamba Zakayo alitengenea kwanza ndipo Yesu akamtembelea, atakuwa amefundisha kinyume cha kisa.

2. Maswali matatu ya kutafutia funzo

Baada ya kukifahamu kisa, jiulize: Ni nini kilichobadilika? Kilibadilika kwa sababu gani? Badiliko hilo lilionekana kwa tendo gani?

Katika kisa chetu, aliyekuwa akichukua amekuwa mwenye kutoa. Sababu yake ni kwamba amepokewa na Yesu hali watu wote wamemkataa. Tendo lake ni nusu ya mali kwa maskini, na malipo mara nne kwa waliodhulumiwa. Funzo latoka katika jibu la tatu: mtu aliyepokewa na Mungu hurudisha alichochukua. Lengo la somo laweza kuandikwa hivi: "Mwishoni mwa kipindi, mwanafunzi aweze kueleza kwa nini Zakayo alirudisha mali, na kutaja jambo moja ambalo mtoto wa rika lake aweza kulirudisha au kulitengeneza."

Maswali haya hufaa kwa visa vingine pia. Mathalani, Yuda ndiye aliyewashauri nduguze wamuuze Yusufu (Mwanzo 37:26-27). Na ni Yuda huyo huyo aliyejitoa awe mtumwa mahali pa Benyamini (Mwanzo 44:33). Badiliko limeonekana kwa tendo, na funzo liko papo hapo.

3. Hatua za somo (dakika 40)

Utangulizi (dakika 5). Waulize watoto: "Mwenzako amechukua kalamu yako. Amekuja akasema, 'Nisamehe,' na kalamu bado iko mfukoni mwake. Utamjibu nini?" Pokea majibu yao, usiyasahihishe.

Kusimulia (dakika 12). Simulia bila kusoma, kwa sentensi fupi, ukifuata mpango wa Luka. Usimwekee Yesu wala Zakayo maneno wasiyoyasema. Injili haituelezi yote waliyozungumza walipokuwa nyumbani. Mwambie mtoto hivyo hivyo, wala usibuni. Mtoto akigundua baadaye kwamba sehemu ya kisa ilikuwa ya kutunga, ataitilia shaka na sehemu iliyobaki.

Hesabu ubaoni (dakika 8). Chukua mfano wa shilingi 100 zilizotozwa kwa dhuluma. Kwa sheria ya Walawi zitarudi shilingi 120. Kwa ahadi ya Zakayo zitarudi 400. Watoto wafanye hesabu wenyewe, kisha uwaulize: "Kwa nini hakutoa 120?" Swali hili halina jibu la kukariri, na hapa ndipo darasa huanza kufikiri.

Mazungumzo (dakika 10). Waweke watoto katika vikundi vya wanne wanne. Kila kikundi kitaje vitu ambavyo mtoto aweza kuchukua bila haki, na jinsi ya kuvirudisha. Wataanza na kalamu, embe na chenji ya dukani. Waongoze wafikirie na visivyoshikika, kama vile zamu ya kuchota maji, au jina jema la mtu aliyesingiziwa.

Hitimisho (dakika 5). Waache wakae kimya dakika moja, kila mmoja afikirie jambo lake. Usimwulize yeyote alichofikiri. Malizia kwa sala fupi.

4. Tahadhari

Kisa cha Biblia kisitumiwe kumkamata mtoto. Katika jambo hili nitajitolea ushahidi mimi mwenyewe. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilifundisha kisa cha Zakayo katika shule moja ya kijijini. Juma lile rula ya mtoto mmoja ilikuwa imepotea, na darasa lilimshuku mvulana ambaye kwao walikuwa maskini sana. Nilipofika mahali pa kurudisha mali, nilimtazama yeye, nikauliza kama hatuna Zakayo miongoni mwetu. Watoto wakacheka. Tangu siku ile mvulana yule hakuingia tena katika kipindi changu. Alikaa chini ya mwembe mpaka kiishe. Baadaye rula iliokotwa nyuma ya kabati la vitabu.

Nilimwomba radhi faraghani, nikadhani yamekwisha. Juma zima lilipita kabla sijatambua kwamba nilikuwa sijarudisha nilichochukua. Jina lake nililichukua mbele ya watoto arobaini, na faraghani nilimpa neno tupu. Jumatatu nilisimama mbele ya watoto wale wale, nikasema kwamba nilimsingizia mwenzao. Alirudi kipindini, ingawa si siku ile. Katika kisa cha Luka wako watu walionung'unika kwamba Yesu ameingia kwa mwenye dhambi. Siku niliyomtazama mvulana yule, nilikuwa nimesimama pamoja nao.

Aidha, kumbuka kwamba wanafunzi wako huenda wametoka katika madhehebu mbalimbali. Shikamana na maandiko, usilaumu desturi za kanisa la mtu. Ikiwa yumo asiye Mkristo aliyekuja kusikiliza kwa hiari, asikilize kwa amani wala asilazimishwe kusali.

5. Kupima somo

Mwalimu wa hesabu husahihisha madaftari jioni ile ile. Mwalimu wa dini hana budi kuwa na subira, kwani majibu mazuri ya mdomoni si kipimo. Huenda siku moja ukakuta embe juu ya meza yako, au ukamwona mtoto anamkabidhi mwenziwe kifutio bila neno. Usiutangaze mstarini, wala usimsifu mbele ya wenzake. Zakayo alisimama mwenyewe, akasema mwenyewe. Mwalimu aliyefundisha vema ni yule awezaye kuliona tendo kama hilo akanyamaza, kisha akaingia darasani kufundisha kisa kinachofuata.