MASIKIO YAKIZIBA, NJOO TUYAPIME



Ukishuka na kamyo kutoka Bunia, zaidi ya mita 1.200 juu ya bahari, mpaka kwetu Niania chini msituni, masikio huziba. Unameza mate, nayo yanafunguka. Lakini mwenye mafua hufika yakingali yameziba, na kesho yake anaingia kazini hivyo hivyo. Mwenzake anapiga kelele: «Toka, udongo unaanguka!» Yeye hasikii. Hiyo ndiyo hatari.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo cha hewa. Mrija mwembamba, karibu sentimita 3 na nusu, unakiunganisha na nyuma ya pua. Unaitwa mrija wa Eustachi, kwa jina la mganga wa Italia aliyeueleza katika karne ya 16. Tukimeza, mrija hufunguka na hewa hupita. Mafua yakiuvimbisha, hewa haipiti: kiwambo kinavutwa ndani, na maji yanaweza kujaa.

Tunapimaje? Kwanza tunatazama kiwambo kwa taa ndogo. Halafu tunakuambia: «Bana pua, meza mate.» Njia hiyo ni ya Toynbee, mganga wa London wa karne ya 19. Njia ya pili, ya Valsalva wa Italia, ilielezwa mwaka 1704: unafunga mdomo, unabana pua, unasukuma pumzi polepole. Kiwambo kikicheza, mrija umefunguka. Kisipocheza, bado si ugonjwa. Hata wazima wengine hushindwa. Tutarudia siku nyingine. Kikicheza nawe husikii vizuri, tunatafuta sababu nyingine, kama kelele za mashini.

Shikeni haya:

– Ukiwa na mafua, usisukume pumzi kwa nguvu: uchafu wa pua unaweza kuingia sikioni.

– Usitie mafuta wala majani sikioni. Mrija uko ndani, dawa ya nje haiufikii.

– Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala, kwa hiyo huugua masikio mara nyingi. Mama, mtoto asiyeitika usimpige. Mlete kwanza apimwe.

– Sikio moja la mtu mzima likiziba wiki nyingi, aende kwa daktari atazamwe nyuma ya pua.

Na wewe unayeingia shimoni leo na masikio yameziba, mwambie kapita kabla ya kuanza kazi. Si haya. Kisha njoo dispensari.